Ruhusa, Rejista na Hadhi: Historia ya Udhibiti wa Kumbukumbu za Watu katika Njia ya Tabora hadi Malagarasi

Utangulizi

Usinge ni kata ya Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, na pia ni kituo cha Reli ya Kati baina ya Kaliua na Nguruka. Upande wa magharibi njia inaendelea kuelekea bonde la Malagarasi, Uvinza na Kigoma. Upande wa mashariki inarudi Kaliua, Urambo na Tabora mjini. Wilaya ya Kaliua iligawanywa kutoka Urambo mwaka 2012, na ndani ya mipaka yake yamo makazi ya Ulyankulu, yaliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Kwa hiyo halmashauri moja inawahudumia wakulima wa tumbaku, wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao, watu wa Kigoma wanaoshuka katika treni kutafuta mashamba, na wananchi wapya ambao kwa zaidi ya miaka thelathini walihesabiwa kuwa wakimbizi. Majina yao yamo katika madaftari ya wakazi vijijini, katika rejista ya vitambulisho vya taifa, katika daftari la wapiga kura, na kwa baadhi yao katika rejista ya wakimbizi.

Aghalabu historia ya maandishi ya namna hii husimuliwa kama historia ya kuhesabu: nani alihesabiwa, lini, na kwa ajili ya kodi gani. Insha hii inaifuata kwa upande wa ruhusa, yaani nani alikuwa na mamlaka ya kufungua kumbukumbu ya mtu mwingine, nani aliweza kuibadilisha, na nani aliweza kumkabidhi mwenzake mamlaka hayo. Hoja yake ni kwamba jambo lililoamua hatima za watu katika njia hii lilikuwa haki ya kukasimu ruhusa, pamoja na upeo wa kuibatilisha. Kufuli la kabati la mafaili, au nywila ya kompyuta, lilikuwa jambo la pili. Wabunifu wa hifadhidata za uhusiano waliiandikia haki hiyo kanuni kamili katika miaka ya 1970, wakati uleule ambapo watu wa Ulyankulu walikuwa wakiandikishwa kwa kalamu. Kanuni hizo zinasaidia kuisoma historia ya Ulyankulu. Historia hiyo nayo inaonyesha mahali ambapo kanuni ziko kimya.

Hongo, barua na daftari la kodi

Richard Burton na John Speke walipovuka Malagarasi mapema mwaka 1858 wakielekea Ujiji, walikuwa wamebeba barua za Sultani wa Zanzibar. Barua hizo ziliwafaa Kazeh, yaani Tabora, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu waliwapokea na kuwapa nyumba. Kivukoni hazikuwa na uzito. Huko mwenye kauli alikuwa Mzogera, mtawala wa Uvinza, na idhini yake ililipiwa kwa bidhaa. Wasafiri wa Kizungu waliliandika hongo kama unyang'anyi mtupu, na baadhi ya vitabu vya shule vimerithi kauli hiyo bila kuihoji. Hongo lilikuwa ruhusa iliyotolewa na mwenye eneo, kwa eneo lake, kwa msafara uliosimama mbele yake. Aliyelipa Uvinza hakuwa amelipa Uha, na barua ya Zanzibar haikumpa mtu yeyote uwezo wa kugawa kivuko cha Malagarasi. Kila mtawala alikuwa chanzo cha ruhusa yake mwenyewe, na ruhusa haikukasimiwa.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika mwaka 1871, pale Mirambo wa Urambo alipoingia vitani na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Watawala wa mbele hawakuwa wamefuta chochote, lakini ruhusa zao zilikosa maana kwa kuwa hakuna msafara ulioweza kuwafikia. Henry Stanley alilazimika kuzungukia kusini kupitia Ugunda na Ukonongo kabla ya kurudi kaskazini hadi Malagarasi na hatimaye Ujiji. Hata hivyo, katika mpangilio huo mpagazi aliyevuka hakuandikwa jina na mtoza hongo. Kilichodhibitiwa kilikuwa mwili na mzigo wake kwa siku ile. Mtu alipokwisha kuvuka, hakuacha nyuma yake kumbukumbu ambayo mwingine angeweza kuifungua.

Kumbukumbu hiyo ililetwa na dola la kikoloni. Sheria ya Wajerumani ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897 ilihitaji orodha ya wenye nyumba na stakabadhi ya malipo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ukaguzi wa watu na mizigo ukapata vituo vya kudumu. Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, kampeni dhidi ya malale iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Mkoa wa Magharibi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi mapya, huku mapori yaliyoachwa yakifungwa. Warina asali na wavuvi, ambao maisha yao yalikuwa porini, walijikuta wakihitaji idhini ya ofisa ili kufika mahali ambapo babu zao hawakuwahi kumwomba mtu. Hapa ndipo mambo mawili yalipoungana: jina katika daftari na kibali mkononi. Kibali kilisomeka kwa sababu daftari lilikuwapo.

Makazi ya Ulyankulu

Waliofika Tanzania kutoka Burundi mwaka 1972 na miaka iliyofuata walikadiriwa kufikia watu 150,000. Waliwekwa katika makazi matatu makubwa ya magharibi: Ulyankulu na Katumba kwanza, kisha Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978 ili pamoja na mambo mengine kuupunguza msongamano wa Ulyankulu. Wengi wao walikuwa na sababu ya kuziogopa orodha. Katika mauaji ya mwaka 1972, wanafunzi, walimu na watumishi wa serikali waliitwa kwa majina, wakatolewa madarasani na maofisini, wasionekane tena. Aliyenusurika alikuwa ameona kwa macho yake kazi ya orodha iliyo katika mikono mibaya. Jambo la kwanza lililomkuta upande wa pili wa mpaka lilikuwa kuandikwa jina.

Uandikishaji huo ulikuwa na msingi wa sheria. Sheria ya Wakimbizi (Udhibiti) ya mwaka 1966 ilimpa mkuu wa makazi mamlaka mapana juu ya wakazi wake, na ilifanya kuwa kosa kutoka nje ya eneo lililopangwa bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliirithi na kuliendeleza sharti hilo. Neno “udhibiti” katika jina la sheria ya kwanza linasema mengi kuliko maelezo ya ukarimu wa taifa ambayo mara nyingi huambatana na historia ya kipindi hicho, ijapokuwa ukarimu nao ulikuwa wa kweli: ardhi iligawiwa, shule zikajengwa, na makazi yakazalisha chakula cha kuuza.

Kwa mtazamo wa ruhusa, rejista ya makazi ilikuwa na wenyewe watatu. Serikali ilikuwa mwenye ardhi na mwenye sheria. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa fedha. TCRS, taasisi ya kikanisa iliyoanza kazi mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, ilisimamia ujenzi na kilimo. Kila mmoja alihitaji kujua kaya ngapi zipo na zinaishi wapi, na kila mmoja alikuwa na sababu yake: usalama, bajeti, mbegu. Karani wa mbegu hakuhitaji kujua mtu alikimbia kutoka mkoa gani wala alishuhudia nini, lakini daftari la karatasi likifunguliwa limefunguliwa lote. Baina ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980, makazi yalikabidhiwa kwa serikali baada ya kuhesabiwa kuwa yanajitegemea. Yalipokabidhiwa, mamlaka juu ya kumbukumbu za watu yalikabidhiwa pamoja nayo, na walioandikwa humo hawakuwa upande wowote wa makabidhiano.

Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini mwaka 1985 na 1986 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995, alionyesha tofauti inayoangazia jambo hili vizuri. Makazini, ukimbizi ulikuwa utambulisho ulioshikwa kwa fahari na kusimuliwa kama historia ya taifa lililo uhamishoni. Mjini, watu wa asili ileile waliepuka kujulikana kuwa wakimbizi. Walioa, walifanya biashara, walichukua utambulisho mwingine kulingana na mahitaji ya siku. Wasomaji wa Malkki wamejikita zaidi katika masuala ya kumbukumbu na utaifa. Yapo pia mafunzo juu ya rejista. Watu wa mjini walikuwa wamejipa ruhusa ambayo hakuna sheria iliyowapa, yaani ruhusa ya kuandika upya maelezo yao wenyewe. Mtu wa Ulyankulu aliyetaka kufika Kigoma kwa treni alipita Usinge, na katika safari hiyo fupi alitoka katika eneo ambalo jina lake lilikuwa na maana moja tu akaingia katika mji ambao lingeweza kuwa na maana kadhaa. Bila kibali, safari yenyewe ilikuwa kosa.

Kanuni ya kukasimu

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM mjini San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba kumbukumbu zote zipangwe katika majedwali yenye mistari na safu, na kwamba mtumiaji aulize anachotaka bila kulazimika kujua kimehifadhiwaje. Kichwa cha makala yake kilitaja hifadhi kubwa za data zinazotumiwa kwa pamoja, na katika neno hilo la pamoja ndimo tatizo la ruhusa lilimojificha. Ikiwa wote wanauliza jedwali moja, ni nani azuiwe, na azuiwe asione nini?

Jibu lililodumu lilitoka katika mradi wa IBM ulioitwa System R. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade walieleza utaratibu ambao, kwa misingi yake, bado unatumika katika hifadhidata nyingi duniani. Aliyeliunda jedwali ndiye mmiliki, naye ana ruhusa zote: kusoma, kuongeza, kurekebisha, kufuta. Kwa amri ya GRANT anaweza kumkasimu mwingine ruhusa mojawapo, na akipenda anaweza kuambatanisha haki ya kukasimu zaidi. Kwa amri ya REVOKE anaibatilisha, na ubatilisho unasambaa: wote waliopata ruhusa kupitia kwa yule aliyenyang'anywa wanaipoteza pia, isipokuwa wale walioipata vilevile kwa njia nyingine iliyo halali. Ili kutomwonyesha karani jedwali zima, mmiliki hutengeneza mwonekano, yaani dirisha linaloonyesha safu na mistari iliyochaguliwa tu, kisha akamkasimu karani dirisha hilo. Laiti rejista ya Ulyankulu ingekuwa katika mfumo huo, karani wa mbegu angeona namba ya kaya na idadi ya watu, na simulizi ya safari ya ukimbizi ingebaki upande wa pili wa ukuta.

Utaratibu huo ulihitaji marekebisho mapema. Mwaka 1978 Ronald Fagin alionyesha kwamba mtu akimkasimu mwenzake ruhusa ileile zaidi ya mara moja, mfumo wa awali ungeweza kubatilisha ruhusa ambazo zilistahili kubaki, kwa sababu haukuhifadhi kila tukio la kukasimu. Suluhisho lake lilikuwa kuandika kila tukio na wakati wake. Jambo hili linaonekana dogo na la kiufundi, lakini kwa mwanahistoria lina uzito: haki ya mtu kuendelea na ruhusa yake ilitegemea kama kuna aliyeandika siku alipopewa.

Lipo pengo lingine ambalo halikuzibika kwa urahisi namna hiyo. Mwenye ruhusa ya kusoma anaweza kunakili alichosoma katika jedwali jipya, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeliunda jedwali hilo, anakuwa mmiliki wake na anaweza kumkasimu amtakaye. Ubatilisho wa jedwali la kwanza hauligusi la pili. Mwaka huohuo wa 1976, Michael Harrison, Walter Ruzzo na Jeffrey Ullman walithibitisha kwamba, katika mfumo wa ruhusa usiowekewa masharti maalumu, hakuna njia ya jumla ya kuamua kama ruhusa fulani itakuja kumfikia mtu asiyestahili. Mifumo ya baadaye iliyogawa ruhusa kwa nyadhifa badala ya majina ya watu, kwa namna iliyopendekezwa na David Ferraiolo na Richard Kuhn mwaka 1992, ilirahisisha usimamizi wa maofisi makubwa. Pengo la nakala ilikuta lipo, ikaliacha lilipo.

Mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya, zilizokusanywa na UNHCR nchini Bangladesh, zilipewa serikali ya Bangladesh, nayo ikazipeleka Myanmar, nchi waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu waliombwa ridhaa. Vyovyote mjadala huo utakavyohukumiwa, mnyororo wake ni uleule: msomaji wa kwanza, nakala, mmiliki mpya. Karibu zaidi na Tanzania, katika kaunti za kaskazini mashariki mwa Kenya, Wakenya wengi wenye asili ya Kisomali waliwahi kujiandikisha kambini wakati wa ukame ili wapate chakula. Miaka mingi baadaye, walipoomba vitambulisho vya taifa, alama zao za vidole zilipatikana katika hifadhidata ya wakimbizi na maombi yao yakakwama. Jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya mgao wa chakula lilikuwa limepewa kazi ya kuamua uraia. Hapa hapakuwa na mwizi wala nywila iliyovuja. Kila aliyelisoma jedwali alikuwa na ruhusa ya kulisoma.

Hadhi bila hati

Ulyankulu iliingia katika zama za kompyuta kwa mlango wa sensa. Tangu mwaka 2004 hivi UNHCR ilikuwa ikiingiza katika nchi mbalimbali mfumo wake wa uandikishaji, proGres, uliochukua nafasi ya orodha za karatasi na za kompyuta moja moja. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilianza mpango wa kumaliza ukimbizi wa mwaka 1972. Wakazi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walihesabiwa, wakapatikana takriban 218,000, na kila mmoja aliulizwa kama anataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban watu wanne katika kila watano walichagua uraia. Swali hilo moja, lililojazwa katika safu moja, huenda ndilo lililokuwa na uzito mkubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa katika rejista ya makazi, na kwa mara ya kwanza aliyelijaza, walau kwa mdomo wake, alikuwa mwenye jina.

Kufikia mwaka 2010, maombi ya watu 162,156 yalikuwa yamekubaliwa chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Kwa kuwa sheria hiyo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, mwombaji alitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Ndipo mambo yaliposimama. Hati za uraia ziliambatanishwa na sharti la kuhama: wananchi wapya walitakiwa kuyaacha makazi na kutawanywa katika mikoa mingine ya Tanzania, na mpango huo ulikwama. Mikoa iliyotarajiwa kuwapokea haikuwa tayari, fedha hazikutosha, na wengi wa waliotakiwa kuhama hawakutaka kuacha mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Kwa miaka minne hivi watu walikuwa wameandikwa kuwa raia katika kumbukumbu ambazo hawakuweza kuzishika. Hawakuwa tena raia wa Burundi kwa mujibu wa kukana kwao. Hawakuweza kuuthibitisha Utanzania wao mbele ya polisi wa kituo cha treni, wa benki au wa ofisi ya shule, kwa sababu uthibitisho ulikuwa umefungiwa.

Kipindi hicho cha 2010 hadi 2014 ndicho kinachozipima kanuni za miaka ya 1970 kwa ukali zaidi. Katika mfumo wa Griffiths na Wade kuna mmiliki, kuna mkasimiwa na kuna jedwali. Mtu anayeelezwa na mstari wa jedwali hayumo. Anaweza kuwa ameandikwa kwa usahihi kamili, kwa ruhusa zilizogawiwa bila kosa hata moja, na bado asiwe na ruhusa ndogo kuliko zote, ile ya kusoma mstari wake mwenyewe na kumwonyesha mwingine. Wahandisi hawastahili lawama hapa. Walikuwa wakitatua tatizo la watumiaji wanaogombea jedwali moja ndani ya kampuni. Lawama inawahusu zaidi waandishi wa sera waliodhani kwamba kurekebisha safu ya hadhi kunatosha kubadilisha hadhi.

Sharti la kuhama liliachwa hatimaye, na mwezi Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi hati. Taarifa za kimataifa zililitangaza tukio hilo kama siku ambayo watu 162,000 walipewa uraia. Kwa kuzingatia tarehe za maamuzi yenyewe, maelezo sahihi zaidi ni kwamba siku hiyo walianza kuruhusiwa kuwa na ushahidi wa jambo ambalo dola lilikuwa likilijua kwa miaka minne.

Daftari la mtendaji

Katika vijiji vya Usinge, kama ilivyo kwingineko Tanzania Bara, mlango wa kumbukumbu za taifa uko kwa mtendaji wa kijiji. Anayeomba kitambulisho cha taifa anahitaji barua ya utambulisho wa makazi, na barua huandikwa na ofisi inayoshika daftari la wakazi. Kabla ya daftari hilo, na mara nyingi pamoja nalo, alikuwapo mjumbe wa nyumba kumi, ambaye tangu miaka ya 1960 alijua nani amelala kwa nani na mgeni ametoka wapi. Mjumbe hakuwa na mwonekano wala safu zilizofichwa. Alijua yote, na usiri wa watu wake ulitegemea tabia yake. Ni rahisi kumdharau, lakini alikuwa na sifa moja ambayo hifadhidata haina: aliyemtilia shaka aliweza kumfuata nyumbani kwake na kumuuliza amesema nini, na kwa nani.

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoundwa mwaka 2008, ilianza kutoa vitambulisho mwaka 2013. Baadaye usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulizifunga huduma za kila siku na rejista hiyo, na laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa mwezi Januari 2020. Kwa mkazi wa Ulyankulu au Usinge mwenye dosari katika mstari wake, kwa mfano jina la baba lililoandikwa kwa tahajia mbili, dosari hiyo iliweza kumfuata kutoka ofisi ya wilaya hadi kwenye simu ya mkononi na kwenye fedha alizotumiwa kwa simu. Kusambaa huko kunafanana na ubatilisho wa System R kwa tofauti moja kubwa: hakuna aliyetoa amri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ilimweka mhusika wa taarifa ndani ya mfumo kwa mara ya kwanza. Inamtambulia haki ya kujua taarifa zake zinachakatwa na nani na haki ya kudai zirekebishwe, na imeunda tume ya kusimamia utekelezaji wake. Katika msamiati wa insha hii, sheria hiyo imempa mtu ruhusa ya kusoma mstari wake pamoja na njia ya kuomba urekebishwe. Ruhusa ya kuurekebisha mwenyewe haimo, na pengine haipaswi kuwamo. Kwa nakala zilizokwisha kupita kutoka taasisi moja hadi nyingine kabla ya mwaka 2023, mhusika anahitaji kwanza kujua kwamba zipo.

Sensa ya makazi ya mwaka 2007 haikuwagusa wote waliokuja mwaka 1972. Zaidi ya watu 22,000 wa kundi hilo walikuwa wamejikalia vijijini mkoani Kigoma, nje ya makazi, bila mkuu wa makazi, bila vibali na kwa muda mrefu bila rejista. Waliandikishwa peke yao baadaye, na wengi waliomba uraia kama wenzao. Hati za Ulyankulu, Katumba na Mishamo zilipoanza kutolewa mwaka 2014, maombi yao yalikuwa bado hayajatolewa uamuzi. Miaka ya kuishi bila daftari ilikuwa imewapa uhuru wa kwenda sokoni, kwenye kivuko na kwenye treni bila kumwomba mtu. Walipoingia katika rejista waliupoteza uhuru huo siku ileile, ilhali hadhi waliyoiombea walikuwa bado wanaisubiri.